Kuazima Si Kosa, Kosa Kutia Kufuli

Juzi nilikuwa Makangale, kaskazini ya Pemba, jirani na msitu wa Ngezi. Nilimkuta bibi mmoja barazani akishona mkeka wa ukili. Akapita mgeni aliyevaa fulana iliyoandikwa "Hakuna Matata". Bibi akacheka: "Mwanangu, sisi hapa twasema hapana neno. Hayo ni ya nani?"

Swali hilo ni zito. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa filamu ya The Lion King, na mwaka huo huo ikaomba kuyasajili maneno hayo huko kwao yawe alama yake ya biashara katika nguo. Ikakubaliwa mwaka 2003. Lakini Them Mushrooms wa Kenya walikwisha kuyaimba tangu 1982 katika "Jambo Bwana", na Waswahili wakiyasema kabla ya hapo. Mwaka 2018 Mzimbabwe mmoja alianzisha waraka wa kupinga, na watu makumi ya maelfu wakatia saini.

Tuseme kweli: usajili ule haukumzuia mtu kutamka. Ulihusu biashara ya nguo. Wala kuazima si dhambi. Taarabu yetu ilichota Misri, na kanga zetu kwa miaka mingi zilipigwa chapa Ulaya na India. Lakini sisi hatukumwambia Mmisri asipige udi wake bila ruhusa yetu. Mpaka uko hapo: mwazimaji anapotia kufuli, mwenye nyumba akabaki kubisha hodi.

Kufuli hilo huweza kuzuiwa. Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kumiliki jina "Kikoy" katika biashara. Wakenya waliotegemea kuuza vikoi walipinga, na ombi halikufanikiwa. Waliwahi kwa sababu walikuwa macho.

Bibi akaniuliza: "Na mkeka wangu huu?" Nikamwambia, Zanzibar ina sheria ya mwaka 2008 ya kusajili alama za biashara na majina ya bidhaa yanayotokana na mahali. Lakini sheria haiji barazani yenyewe. Washonaji waungane, na maofisa nao wawafuate vijijini, si kungoja mjini.

Wasikilizaji, wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.