Fahamu Namna Mkanda wa Usalama wa Gari Unavyofanya Kazi na Jinsi ya Kuutunza

Na Mwandishi Wetu, Mchombe – Morogoro

Kata ya Mchombe, katika Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, Wilaya ya Kilombero, ipo kwenye uwanda wa mpunga ulio chini ya Milima ya Udzungwa. Mkulima anayepeleka mchele sokoni, mwanafunzi anayerejea shuleni na mama anayekwenda kliniki hutegemea kwa kiasi kikubwa gari linalopita katika barabara ya Ifakara hadi Mlimba. Kiangazi barabara hutimka vumbi, na wakati wa masika hujaa tope na utelezi. Hospitali kubwa ya rufaa ipo Ifakara, na majeruhi wa ajali hulazimika kusafirishwa umbali mrefu kabla ya kuifikia. Kwa msafiri wa eneo kama hili, kilichofanyika ndani ya gari kabla ya ajali kina uzito kuliko kitakachofanyika baada yake.

Kifaa cha kwanza cha kumlinda msafiri huyo ni mkanda wa usalama. Wengi huufunga wanapomwona askari wa usalama barabarani na kuufungua wakishampita. Makala haya yanaeleza namna mkanda unavyofanya kazi, ili anayeufunga aufunge kwa kuelewa na si kwa kuogopa faini.

Gari husimama, mwili huendelea

Mwanasayansi wa Uingereza, Isaac Newton, alieleza kuwa kitu kilicho katika mwendo huendelea na mwendo huo mpaka nguvu nyingine ikizuie. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linapogonga mti, bodi yake husimama. Abiria asiyefunga mkanda hasimami nalo. Yeye huendelea mbele kwa mwendo uleule wa kilomita 50 kwa saa hadi akutane na usukani, dashibodi, kioo au kiti kilicho mbele yake.

Kishindo cha mwendo huo ni sawa na cha mtu aliyeanguka kutoka kimo cha takriban mita 10, yaani kama jengo la ghorofa tatu. Mwendo ukiwa kilomita 80 kwa saa, kimo hicho hufikia mita 25, ambao ni urefu wa mnazi mkubwa. Hakuna mtu ambaye angekubali kuruka kutoka huko kwa kutegemea mikono yake imzuie, ilhali ndivyo anavyofanya abiria anayesema kuwa atajishikilia kwenye kiti.

Mkanda huokoa maisha kwa kurefusha umbali wa kusimama. Sehemu ya mbele ya gari inapobonyea, tuseme kwa nusu mita, aliyefungwa mkanda husimama pamoja na gari katika nusu mita hiyo. Asiyefungwa hugonga dashibodi iliyokwisha kusimama, na mwili wake husimama ndani ya sentimita chache tu. Umbali ukipungua mara 10, nguvu inayoupiga mwili huongezeka mara 10. Aidha, mkanda huielekeza nguvu hiyo kwenye mifupa imara ya nyonga, kifua na bega badala ya kichwa na tumbo.

Mkanda wa ncha tatu, unaopita begani na nyongani, ulibuniwa mwaka 1959 na mhandisi Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo nchini Sweden. Kampuni hiyo iliruhusu watengenezaji wengine wa magari kuutumia ubunifu huo bila malipo, na hadi leo ndio mkanda unaoonekana katika magari mengi duniani.

Kilichomo ndani ya mkanda

Utepe wa mkanda hufumwa kwa nyuzi za polyesta na huwa na upana unaokaribia sentimita 5. Mwisho wake mmoja huviringishwa kwenye roda iliyofichwa ndani ya nguzo iliyo pembeni mwa mlango. Springi ya roda hiyo huurudisha utepe ndani na kuufanya ukae karibu na mwili, huku ukimruhusu mtu kuinama na kugeuka bila kubanwa.

Kinachoukaza mkanda wakati wa hatari ni mifumo miwili. Mfumo wa kwanza husikiliza mwendo wa gari. Ndani ya roda mna gololi au kipande cha chuma kinachoning'inia, na gari likifunga breki kwa ghafla au kuinama sana, chuma hicho husogea na kusukuma kijino kinachoizuia roda isizunguke. Mfumo wa pili husikiliza mkanda wenyewe: utepe ukivutwa kwa kasi, roda hujifunga. Ndiyo maana gari lililoegeshwa kwenye mteremko mkali huweza kuugomea mkanda. Hiyo si hitilafu. Uachie urudi ndani, kisha uuvute polepole.

Magari mengi ya kisasa yana kifaa cha ziada ambacho, ajali inapotokea, hulipuka kwa gesi na kuukaza mkanda kwa kufumba na kufumbua kabla mwili haujasogea. Kifaa kingine huulegeza kidogo nguvu inapozidi ili mbavu zisivunjike. Mfuko wa hewa ulio kwenye usukani nao umetengenezwa kusaidiana na mkanda. Asiyefunga mkanda huweza kuufikia mfuko huo ukiwa bado unafumuka, na ukamjeruhi badala ya kumwokoa.

Kufunga kwa usahihi

Utepe wa chini upite juu ya mifupa ya nyonga, si juu ya tumbo. Utepe wa juu upite katikati ya bega na kifua, usiguse shingo wala usipitishwe chini ya kwapa. Usiwe umejisokota, na usivaliwe juu ya koti zito au kitenge kilichokunjwa mara nyingi.

Mama mjamzito anapaswa kufunga mkanda. Utepe wa chini aupitishe chini ya tumbo na wa juu aupitishe kati ya matiti, kando ya tumbo.

Mtoto asipakatwe kwa kudhani kuwa mikono itatosha. Katika mgongano wa kilomita 50 kwa saa, mtoto wa kilo 10 huhitaji nguvu ya kumzuia inayolingana na uzito wa takriban kilo 200, sawa na magunia mawili ya kilo 100. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wawekwe kwenye viti vyao maalumu hadi wafikie umri wa miaka 10 au kimo cha sentimita 135. Kadhalika, mkanda mmoja usifungwe kwa watu wawili, kwa kuwa miili yao itagongana.

Wapo wanaohofu kuwa mkanda utawanasa gari likitumbukia mtoni, hofu inayoeleweka katika bonde lenye mito mingi na mafuriko. Ukweli ni kwamba aliyefunga mkanda ana nafasi kubwa zaidi ya kubaki na fahamu baada ya kishindo, na mwenye fahamu huweza kubonyeza kitufe na kutoka.

Kuutunza mkanda

Vumbi, tope na pumba za mpunga ni adui wa mkanda. Chembe zikiingia kwenye kifungio, ulimi wa chuma huweza kuonekana umeingia kumbe haujanasa. Mara kwa mara mwenye gari afanye ukaguzi ufuatao:

1. Auvute utepe wote nje na kutazama pande zote mbili. Ukiwa umechanika, umesagika pembeni, umeungua au umepauka na kukakamaa kwa jua, ubadilishwe. Usipelekwe kwa fundi cherehani.

2. Auvute kwa ghafla. Usipojifunga, roda ina hitilafu.

3. Auachie. Ukirudi kwa kusuasua, asafishe utepe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha aukaushe kabisa kivulini kabla ya kuuachia uingie ndani. Asitumie jiki, petroli wala rangi, na asitie oili kwenye kifungio.

4. Achomeke ulimi na kusikiliza mlio wake, kisha auvute kuhakikisha umenasa.

5. Akague boliti zinazoushikilia mkanda kwenye bodi. Kutu, au boliti ya kawaida iliyofungwa kwenye bati jembamba, itang'oka siku ya ajali.

Mkanda uliomzuia mtu katika ajali kubwa ubadilishwe hata kama unaonekana mzima, kwa sababu nyuzi zake zimekwisha kuvutika na kifaa cha kuukaza hufanya kazi mara moja tu. Jambo hili ni muhimu kwa wanunuzi wa magari yaliyokwisha kutumika. Taa ya onyo ya mkanda au ya mfuko wa hewa isiyozimika iwe sababu ya kumwita fundi, si ya kuchomeka ulimi mtupu ili kengele inyamaze.

Sheria na wajibu

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, iliyotungwa mwaka 1973, inamtaka dereva na abiria wa kiti cha mbele kufunga mkanda. Hata hivyo, kishindo hakichagui kiti. Abiria wa nyuma asiyefunga huweza kumrukia aliye mbele yake na kumuua, kama ambavyo gunia la mchele lisilofungwa linavyoweza kufanya. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa kufunga mkanda hupunguza hatari ya kifo kwa dereva na abiria wa mbele kwa asilimia 45 hadi 50, na kwa abiria wa nyuma kwa asilimia 25.

Wamiliki wa mabasi madogo na magari aina ya Noah wana wajibu wa kutoificha mikanda chini ya vitambaa vya viti wala kuing'oa ili kuongeza siti. Abiria naye ana haki ya kuuliza, kabla gari halijaondoka: mkanda wa kiti hiki uko wapi?

Kuufunga mkanda huchukua sekunde chache. Kutoka Mchombe hadi Ifakara, sekunde hizo ndizo huduma ya kwanza ambayo kila msafiri anaweza kujipa mwenyewe.