Katanga: Nchi Iliyoishi Bila Kutambuliwa

Kongo ilipata uhuru kutoka Ubelgiji tarehe 30 Juni, 1960. Siku kumi na moja tu baadaye, jimbo lake moja lilijitenga. Jimbo hilo liliitwa Katanga. Lilianzia ng'ambo ya Ziwa Tanganyika na kwenda kusini. Watu wake wengi husema Kiswahili kama sisi.

Kiongozi wa Katanga alikuwa Moïse Tshombe. Katanga ilikuwa na bendera yake, stempu zake, na hata fedha zake. Lakini bendera peke yake haitoshi. Nchi nyingine lazima ziitambue nchi mpya, yaani zikubali kuwa ni nchi kweli. Hakuna hata moja iliyoitambua Katanga. Ubelgiji nayo haikuitambua. Hata hivyo, Katanga iliishi miaka miwili na nusu. Iliishije?

Fikiri juu ya kijana aliyegombana na baba yake akahama. Majirani hawamkubali. Lakini mwenye duka anampelekea unga kila jioni, kwa sababu analitaka shamba.

Shamba la Katanga lilikuwa shaba. Kampuni ya Union Minière ya Ubelgiji ndiyo iliyoichimba. Kodi ya shaba ilikuwa haki ya serikali ya Kongo, lakini kampuni ilimlipa Tshombe. Kwa fedha hizo Tshombe aliajiri askari. Maofisa wao walikuwa Wabelgiji. Wengine walikuwa mamluki, watu wanaopigana vita visivyo vyao ili wapate mshahara. Shaba ilisafiri kwa reli kupitia Angola na Rhodesia, ambako wakoloni walikuwa bado wanatawala. Mdomo wa Ubelgiji ulisema hapana, mkono wake ukaendelea kutoa.

Si watu wote wa Katanga waliotaka kujitenga. Wabaluba wa kaskazini walikataa. Askari wa Tshombe waliwapiga na kuchoma vijiji vyao.

Tarehe 17 Januari, 1961, Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, alipelekwa Katanga akiwa amefungwa kamba. Usiku ule ule alipigwa risasi pamoja na wenzake wawili, Maurice Mpolo na Joseph Okito. Maofisa wa Kibelgiji walikuwapo. Baadaye miili yao iliharibiwa kwa tindikali.

Majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliiteka miji ya Katanga. Januari 1963 Tshombe alikubali kushindwa. Mwaka 2002 Ubelgiji iliomba radhi kwa kifo cha Lumumba. Mwaka 2022 iliwarudishia watoto wake jino moja. Ndilo walilozika.