Kuvu wa Nyasi za Magadi na Dawa ya Saratani ya Damu

Antaktika ina aina mbili tu za mimea asilia inayotoa maua, na mmoja wao ni nyasi iitwayo Deschampsia antarctica. Ndani ya tishu za nyasi hiyo wanaishi kuvu wasiomdhuru mwenyeji wao, na wanasayansi huwakuza maabarani ili kuchunguza vimeng'enya wanavyotoa. Kimojawapo kinachosakwa sana katika kuvu wa aina hii ni asparajinesi. Seli nyingi za lukemia kali inayowapata hasa watoto haziwezi kujitengenezea asparajini ya kutosha, kwa hiyo huitegemea ile iliyo kwenye damu. Asparajinesi huivunja hiyo ya kwenye damu. Seli zenye afya hujitengenezea yake, zile za saratani hufa kwa kuikosa. Shirika la Afya Duniani limeiweka dawa hii katika orodha ya dawa muhimu. Tatizo ni kwamba inayotumika hospitalini hutokana na bakteria, na kinga ya baadhi ya wagonjwa huipiga vita. Isitoshe, huvunja pia glutamini, jambo linalochangia madhara yake. Kwa kuwa seli za kuvu zinakaribiana na zetu kuliko za bakteria, kuna matumaini, ambayo bado yanahitaji kuthibitishwa, kwamba kimeng'enya chao kitapokewa vizuri zaidi na mwili.

Hoja yangu ni kwamba Nakuru isingoje majibu kutoka kwenye barafu. Baridi yenyewe si sifa ya dawa, maana kimeng'enya kitakachomtibu mtoto lazima kifanye kazi katika nyuzijoto 37. Thamani ya mimea ya ncha za dunia ni kwamba imeishi na wageni wake mahali pagumu hadi wakazua kemia isiyopatikana kwingine. Bonde la Ufa lina ugumu wake. Maji ya Ziwa Nakuru na Bogoria yana pH inayokaribia 10, na kwenye kingo zake za magadi huota Sporobolus spicatus, nyasi inayovumilia chumvi ambayo ingeua mahindi ya Njoro. Chuo Kikuu cha Egerton kiko hapo hapo Njoro, mwendo mfupi kutoka ziwani.

Msomaji makini atauliza: kimeng'enya kilichozoea magadi kitafanyaje kazi katika damu yenye pH 7.4? Pingamizi hilo lina uzito kwa vijidudu vinavyoelea majini. Kuvu wa ndani ya mmea ni suala tofauti, kwa sababu mmea hujitahidi kuyaweka maji ya seli zake karibu na hali ya kawaida hata udongo ukiwa mkali. Pingamizi la pili, kwamba safari ya kutoka maabara hadi kitandani mwa mgonjwa ni ndefu na kuvu wengi wataishia njiani, ni kweli tupu. Hakuna anayepaswa kutafuna nyasi hizi akitarajia kupona: asparajinesi hudungwa kwa sindano, kwani ikimezwa humeng'enywa kama protini nyingine yoyote.

Uchungu wa zamani nao hausahauliki. Vijidudu vilivyochukuliwa katika maziwa yetu ya magadi miaka ya 1990 viliipatia kampuni ya Genencor vimeng'enya vya sabuni na vya kupausha jinzi, na mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, likadai mgawo wa faida. Tangu 2006 Kenya ina kanuni zinazotaka kibali na makubaliano ya mgawo kabla ya sampuli kuondoka. Dawa ya dhuluma ile ni sisi wenyewe kutangulia kuchunguza na kuhifadhi sampuli hapa nchini, chini ya kanuni hizo, jamii za kandokando ya maziwa zikiwa mezani.

Wala muda hautungoji. Tangu miaka ya 2010 Ziwa Nakuru limefurika hadi kuzamisha lango kuu la zamani la hifadhi pamoja na nyasi za ukingoni. Kaunti na vyuo vyetu vigharamie ukusanyaji wa kuvu hao sasa, wakati nyasi zilizobaki bado ziko nchi kavu.