Utambuzi wa Hitilafu katika Upitishaji wa Mafaili kwa Kupokezana: Mfano wa UUCP

Programu ya UUCP ilibuniwa na Mike Lesk katika Maabara ya Bell, Marekani, mwaka 1976, na ikasambazwa pamoja na Toleo la 7 la Unix mwaka 1979. Iliziwezesha kompyuta kupigiana simu kwa modemu na kupelekeana mafaili. Pale ambapo kompyuta A haikuwa na namba ya kompyuta C, faili lilipitia B, na mtumaji alilazimika kuiandika njia yote mwenyewe kwa kutenganisha majina ya kompyuta kwa alama ya mshangao. Ugumu wa mpangilio huo ni kwamba uthibitisho wa mapokezi uliishia kwa jirani. A ilijua kuwa B imepokea. Kuhusu C haikujua lolote.

Kutokana na hali hiyo, uchunguzi ulipaswa kuanzia kwa mtumaji na kusonga kituo kimoja baada ya kingine. Ikiwa kazi ingali kwenye foleni ndani ya saraka ya /usr/spool/uucp, basi simu haijafanikiwa. Huenda faili la kufuli limesalia baada ya mashine kuzimika ghafla. Huenda pia hakuna hitilafu yoyote, kwa kuwa faili la L.sys huainisha saa za kupiga simu, na vituo vingi vilisubiri usiku, wakati gharama ilipokuwa nafuu. Simu ikiunganishwa na kisha upelekaji ukakwama, laini ndiyo ya kushukiwa: itifaki ya g huhitaji biti zote 8, na kifaa chochote cha katikati kinachoondoa biti ya nane huiharibu.

Hali tatanishi zaidi ni ile ambapo foleni ya A ni tupu, daftari la kumbukumbu linaonesha mafanikio, lakini C haijapata kitu. Hapa ni muhimu kuelewa kwamba kupitisha faili ni kuiomba B iendeshe amri ya uucp kwa niaba ya A. Msimamizi wa B ndiye aliyeamua amri zipi zikubaliwe kutoka nje, na wengi waliruhusu rmail na rnews pekee. Hivyo barua ilipita katika njia ileile iliyokataa faili. Jaribio la kutuma barua kwa C, ambalo lingeonekana kuwa kipimo cha kutosha, lilithibitisha njia ya barua tu. Ndiyo maana baadhi ya watumiaji waliligeuza faili kuwa matini kwa programu ya uuencode na kulituma kama barua.

Hata amri ikikubaliwa, C yenyewe ingeweza kukataa kuandika nje ya saraka ya umma, /usr/spool/uucppublic. Ushahidi wa kukataliwa huko ulibaki katika madaftari ya B na C, ambayo msimamizi wa A hakuwa na ruhusa ya kuyasoma. Alichoweza kufanya ni kumwandikia mwenzake wa B barua, kisha kusubiri simu ya usiku uliofuata.