Mfamasia Anapofundishwa Kuandika Dawa

Kwa mazoea ya miaka mingi, kazi ya kumpatia mgonjwa dawa imegawanywa baina ya watu wawili. Tabibu humpima mgonjwa na kuandika cheti. Mfamasia hukisoma cheti hicho, hukihakiki, kisha hutoa dawa pamoja na maelekezo ya kuitumia. Mgawanyo huu una hekima yake, kwani kosa la mmoja huweza kunaswa na jicho la mwingine kabla dawa haijafika kinywani. Hata hivyo, zipo nchi zilizoamua kumkabidhi mfamasia kalamu ya kuandika cheti, kwa sharti kwamba kwanza arudi darasani. Makala haya yanaeleza anachofundishwa huko, na kwa nini sehemu ngumu zaidi ya mafunzo hayo haihusu dawa.

Nchi tutakayoitazama kwa karibu ni Uingereza, ambako jambo hili limekwenda hatua kwa hatua. Mwaka 1999 kamati iliyoongozwa na Dkt. June Crown ilipendekeza kwamba mamlaka ya kuandika dawa yapanuliwe kufikia wanataaluma wengine wa afya. Mwaka 2003 wafamasia wakaruhusiwa kuandika dawa wakiwa chini ya mpango wa daktari: daktari anautambua ugonjwa, kisha yeye, mfamasia na mgonjwa wanakubaliana mpango wa tiba, na mfamasia anaandika ndani ya mipaka ya mpango huo tu. Mwaka 2006 ukaja uandikaji wa kujitegemea, ambapo mfamasia anampima mgonjwa mwenyewe, anaamua mwenyewe, na anawajibika mwenyewe kwa alichoamua. Mwaka 2012 mamlaka hayo yakaongezwa yakafikia dawa zilizo chini ya udhibiti maalumu, mofini ikiwa mojawapo. Hatimaye, viwango vya elimu vilivyotolewa mwaka 2021 vikaelekeza kwamba wanaomaliza mwaka wao wa mafunzo kazini mnamo 2026 wasajiliwe wakiwa tayari na mamlaka ya kuandika dawa. Tangu pendekezo la kwanza hadi hapo imepita zaidi ya robo karne. Wanaodhani kwamba mabadiliko ya namna hii huletwa na waraka mmoja wa wizara na wautafakari muda huo.

Sasa, mfamasia husoma shahada kwa miaka minne, na kuhusu mwenendo wa dawa mwilini aghalabu anajua mengi kuliko anayemwandikia cheti. Ana haja gani ya mafunzo mengine? Swali hili huulizwa na wafamasia wenyewe, tena wakati mwingine kwa kuudhika kidogo. Jibu lake ni kwamba kuijua dawa ni elimu moja, na kuujua ugonjwa ulio mbele yako, ambao bado hauna jina, ni elimu nyingine. Cheti kinapofika mezani kwa mfamasia, ugonjwa umekwisha kupewa jina. Mwandikaji wa dawa huanza kabla ya hapo: anaanza na mtu anayelalamika, na huenda asifike kwenye dawa kabisa.

Tuchukue kikohozi, jambo la kila siku katika famasi yoyote. Mtu mzima wa makamo anakuja na kuomba dawa ya kikohozi. Mfamasia wa kawaida atamuuliza kama ni kikavu au kina makohozi, atamshauri, na pengine atampa sharubati. Mfamasia aliyefundishwa kuandika dawa hufundishwa kwanza kuiweka kando sharubati hiyo na kuuliza maswali ambayo majibu yake yanaweza kulibadilisha jambo zima. Kikohozi kimedumu kwa muda gani? Kama kimefikia wiki mbili au zaidi, kama kuna homa, jasho jingi usiku au kupungua uzito, huyo ni mtu wa kupimwa kifua kikuu, na kila chupa ya sharubati anayouziwa inamchelewesha yeye na kuwaweka hatarini wanaoishi naye. Je, anabanwa na pumzi anapolala chali, na miguu inavimba jioni? Huenda moyo ndio unaoshindwa kazi. Je, ametema damu? Je, anavuta sigara?

Kisha linakuja swali ambalo mfamasia ana nafasi nzuri ya kuliuliza kuliko wengine: unatumia dawa gani nyingine? Iwapo mgonjwa anatumia enalapril au captopril kwa ajili ya shinikizo la juu la damu, kikohozi kikavu kisichokoma chaweza kuwa kimeletwa na dawa hiyo hiyo. Hapo tiba ni kumbadilishia dawa ya shinikizo, si kumwongezea dawa ya kikohozi. Wagonjwa wa namna hii hupewa sharubati, kisha viuavijasumu, kisha sharubati nyingine, na kila dawa inafukuza kivuli cha dawa iliyotangulia. Hali kadhalika kwa diklofenaki inayonunuliwa kiholela kwa maumivu ya magoti: hupandisha shinikizo la damu na kuyalemea mafigo, na tabibu asiyeambiwa habari zake huongeza dawa ya pili na ya tatu ya shinikizo bila kuona nafuu. Mfamasia aliyefundishwa kuandika dawa anafundishwa pia kufuta dawa, na kwa maoni yangu huo ndio ujuzi ambao mfumo wa afya unauhitaji zaidi kutoka kwake.

Mafunzo yenyewe nchini Uingereza, kwa mfamasia ambaye tayari amesajiliwa, huwa na masomo yanayolingana na siku 26, pamoja na saa zisizopungua 90 za mazoezi mbele ya wagonjwa chini ya msimamizi. Msimamizi huyo zamani alilazimika kuwa daktari. Tangu mwaka 2019 anaweza kuwa mwandikaji mwingine wa dawa mwenye uzoefu, akiwemo muuguzi au mfamasia mwenzake. Katika saa hizo mwanafunzi hujifunza mambo ambayo shule ya famasia haikumkazia: kupima mapigo ya moyo na kasi ya upumuaji, kusikiliza kifua, kupapasa tumbo, kutazama ndani ya sikio na koo, kusoma majibu ya maabara akiwa na mgonjwa mbele yake. Mikono ya wafamasia wengi haijazoea kumgusa mgonjwa, na woga huo hauondolewi na kitabu.

Namna ya kupima kama amehitimu inastahili kuelezwa, maana inaonyesha wanachokiogopa walimu wake. Mwanafunzi hupitia vituo kadhaa vya mtihani, na katika kila kituo hukutana na mtu anayeigiza ugonjwa. Huweza kupata alama nzuri katika vituo vyote. Lakini akishindwa kutambua tatizo zito, au akitoa jibu ambalo lingemdhuru mgonjwa, anafeli mtihani mzima. Alama za ufasaha wake kwingine hazimwokoi. Anayeandika cheti cha amoksilini kwa mtu aliyemwambia dakika tatu kabla kwamba penisilini humvimbisha uso hawezi kujitetea kwa kuwa alijua vyema dozi ya amoksilini.

Baada ya kufaulu, jina lake huwekewa alama katika daftari la usajili. Hapo kisheria anaweza kuandika takriban dawa yoyote, lakini kimaadili haandiki ila zile zilizo ndani ya eneo alilolimudu. Aliyesomea shinikizo la damu hawi mtaalamu wa kifafa kwa sababu sheria haikumkataza. Akitaka kulipanua eneo lake, hana budi kusoma zaidi na kuweka kumbukumbu za alichosoma. Mpaka huu unalindwa na dhamiri yake na baraza lake la taaluma, na wakosoaji wamesema kwa haki kwamba dhamiri ni mlinzi anayeweza kusinzia, hasa famasi inapojaa watu.

Hapa inafaa kutofautisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Tangu tarehe 31 Januari 2024, famasi za mitaani nchini England huwahudumia wagonjwa wenye maradhi saba madogo, yakiwemo maumivu ya koo, maambukizi ya sikio kwa watoto, na maambukizi mepesi ya njia ya mkojo kwa wanawake wenye umri wa miaka 16 hadi 64. Huduma hiyo haimhitaji mfamasia kuwa mwandikaji wa dawa; anafuata mwongozo ulioandikwa, unaosema nani apewe, apewe nini, na nani asipewe. Mwanamke mwenye dalili za mkojo akiwa na homa na maumivu ya ubavuni, au akiwa mjamzito, mwongozo unamtoa nje ya huduma hiyo apelekwe kwa daktari. Mwongozo hufikiri kwa niaba ya anayeutumia. Mwandikaji wa dawa hana mwongozo wa kumfikiria, na ndiyo sababu mafunzo yake ni marefu.

Je, wagonjwa hunufaika? Ushahidi mmoja mzuri unatoka jimbo la Alberta nchini Kanada, ambako wafamasia wamekuwa wakiandika dawa tangu mwaka 2007. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwagawa kwa kura wagonjwa 248 ambao shinikizo lao la damu halikuwa limedhibitiwa. Kundi moja liliendelea na huduma ya kawaida. Jingine lilihudumiwa na wafamasia wenye mamlaka ya kuandika dawa, waliowafuatilia kila mwezi. Baada ya miezi sita, shinikizo la juu lilishuka kwa wastani wa milimita 18.3 za zebaki katika kundi la wafamasia, na milimita 11.8 katika kundi la pili. Tofauti hiyo si ndogo kwa ugonjwa unaoleta kiharusi. Ila msomaji makini ataona kwamba wagonjwa wale walipata vitu viwili kwa pamoja: mfamasia mwenye kalamu, na mtu wa kuwauliza hali zao kila mwezi. Si rahisi kuvitenganisha, na pengine hakuna haja. Kalamu isiyoambatana na ufuatiliaji haishushi shinikizo la mtu.

Tugeukie nyumbani. Tanzania tunao uzoefu wetu wa kumfundisha aliye karibu na mgonjwa. Mwaka 2003 mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulianzia mkoani Ruvuma. Watoa dawa walipewa mafunzo, wakaruhusiwa kuuza baadhi ya dawa za cheti zilizo katika orodha maalumu, na wakafundishwa dalili za hatari za kumpeleka mgonjwa kituoni. Mpango huo ulikubali ukweli ambao kila mwanakijiji anaujua: duka la dawa ndilo mlango wa kwanza wa tiba kwa wengi. Kuandika cheti kumebaki kwa matabibu, lakini nani asiyejua kwamba viuavijasumu huuzwa kwa kunyooshewa kidole tu, vidonge vinne leo na vinne kesho, hadi vijidudu vinajenga usugu? Uamuzi wa tiba unafanywa mezani pale kila siku. Unafanywa bila uchunguzi, bila kumbukumbu, na bila mtu wa kuulizwa.

Mfamasia asiye na mamlaka ya kuandika bado anaweza kuchukua mengi kutoka katika mafunzo haya bila kusubiri sheria. Anaweza kuuliza maswali ya kikohozi yaliyotajwa hapo juu. Anaweza kuandika katika daftari kwamba amemwelekeza mgonjwa kituo cha afya, na sababu yake. Anaweza kumpigia tabibu aliyeandika cheti chenye walakini, badala ya kukirekebisha kimyakimya. Kwa upande wako mgonjwa, ukifika famasi taja dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba na zile za maumivu. Sema kama una ujauzito au unanyonyesha, kama figo au ini lina tatizo, na kama kuna dawa iliyowahi kukudhuru. Ukiambiwa nenda ukapimwe kwanza, usidhani umenyimwa huduma.

Linabaki suala la fedha. Anayeandika dawa na kuiuza yeye mwenyewe ana sababu mbili za kuiandika, na moja kati ya hizo haimhusu mgonjwa. Waingereza wamelijibu hili kwa njia mbili. Kwanza, wafamasia wao wanaelekezwa kwamba anayeandika asiwe ndiye anayetoa, na ikibidi awe yeye, mtu wa pili mwenye ujuzi ahakiki. Pili, katika ile huduma ya maradhi saba, famasi ilianza kwa kulipwa pauni 15 kwa kila mgonjwa anayestahili huduma hiyo na akashughulikiwa, hata akiondoka mikono mitupu. Kwetu, mfamasia anayetumia robo saa kumshawishi mtu mwenye kikohozi cha wiki tatu aende kupimwa makohozi hapati hata senti, ilhali jirani yake aliyemuuzia sharubati amepata faida. Bima, halmashauri au mgonjwa mwenyewe, lazima apatikane wa kuilipia robo saa ile, na mjadala huo unapaswa kufanyika kabla ya kuandika mtaala wa kozi yoyote.