Pauni, Riale na Rupia: Ipi ya Kununua na Ipi ya Kuiacha



Tangu mauzo ya karafuu yalipokwisha, ofisi imepokea maswali mengi juu ya sarafu za dhahabu na za fedha kuliko juu ya miche na mbolea. Sababu yake yajulikana. Wengi wetu tuna watoto na ndugu walioko Dar es Salaam, nao hawakai katikati ya mji bali pembeni: Mtoni, Tandika na Mbagala upande wa Temeke, ama Mwananyamala na Mkwajuni upande wa Kinondoni. Huko ndiko zinakotembezwa sarafu hizi nyumba kwa nyumba. Mara picha yaingia katika simu na maneno yake: “Baba, yuko mzee hapa Tandika anauza dhahabu ya Mjerumani, tuma pesa upesi kabla hajapata mtu mwingine.” Na Baba, aliyekwisha pokea malipo ya karafuu zake juzi, hufanya haraka.

Pesa ya karafuu ni pesa ya kungoja. Mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka, na anayepoteza mavuno ya mwaka mzuri huenda akangoja miaka kadhaa kupata mengine kama yale. Kwa hiyo nimeona niandike kwa urefu kidogo. Katika maneno haya nikisema fedha nakusudia yale madini meupe ya masonara, na nikisema pesa nakusudia pesa.

Jambo la kwanza kufahamu ni kwamba sarafu moja ina bei mbili. Iko bei ya madini yaliyomo ndani yake, nayo sonara yeyote wa Kariakoo au Darajani ataitoa baada ya kupima, akipunguza faida yake. Tena iko bei ya wakusanyaji, yaani watu wanaotafuta sarafu kwa uadimu wake, kwa mwaka wake na kwa usafi wa sura yake. Hawa huonana katika minada ya Ulaya na Marekani, na bei yao yaweza kuwa mara nyingi ya bei ya madini. Lakini hawapatikani Mbagala Rangi Tatu. Asiyejua njia ya kumfikia mnunuzi wa pili, basi asimlipe mwuzaji bei ya pili. Watu wengi waliopata hasara walinunua kwa bei ya mkusanyaji, kisha siku ya shida wakauza kwa bei ya sonara.

Sasa tuzitazame moja moja.

Pauni ya dhahabu ya Kiingereza ndiyo ninayoipendelea kwa mkulima. Uzito wake ni gramu 7.99, dhahabu yake ni ya karati 22, na dhahabu safi iliyomo ni gramu 7.32. Upana wake ni milimita 22 na unene wake milimita moja na nusu. Vipimo hivi havikubadilika tangu zamani za Malkia Victoria, na kila sonara wa pwani yetu anaijua, maana mama zetu wamezivaa katika vidani miaka mingi. Iliyotiwa kikuku cha kuning'inizia kwa lehemu imepoteza thamani mbele ya mkusanyaji, walakini dhahabu yake haikupungua. Kwa mwenye kuweka akiba hiyo ni bora, maana yauzwa rahisi zaidi. Zimo pauni za bandia. Nyingi zilitengenezwa Italia na Lebanon katika miaka ya 1950, na baadhi yake zilitiwa dhahabu karibu sawa na ya halali. Bandia za siku hizi zinazotembezwa mitaani hazina adabu hiyo. Nyingi ni shaba ya njano iliyopakwa.

Riale ya Shamu, ile yenye sura ya Maria Theresa wa Austria, ndiyo iliyokuwa pesa ya babu zetu. Karafuu za Unguja na Pemba ziliuzwa kwa riale kwa frasila miaka mingi kabla ya shilingi kuzaliwa. Uzito wake ni gramu 28.07, na fedha safi iliyomo ni gramu 23.39. Hapa watu wengi hukosea juu ya mwaka. Kila riale imeandikwa 1780, mwaka aliokufa yule malkia, lakini ziliendelea kupigwa baada yake kwa mwaka ule ule, si Vienna tu, bali hata London, Rome na Bombay, na Vienna hupigwa mpaka leo. Kwa hiyo anayekwambia, “Hii ina miaka mia mbili na arobaini, tazama mwaka wake,” hajakwambia kitu. Inunue kwa uzito wa fedha yake. Tazama na ukingo wake: riale ya kweli ina herufi za Kilatini zilizoinuka kuzunguka ukingo wote, na bandia nyingi zilizomiminwa katika kalibu zina ukingo laini au herufi zilizofifia.

Rupia ya fedha, ya Kihindi na ya Kijerumani, zote mbili zina uzito mmoja: gramu 11.66, yaani tola moja kamili, na ndiyo maana masonara wa zamani waliitumia rupia kuwa jiwe la mizani. Fedha safi ndani yake ni gramu 10.69. Unguja tuliitumia rupia mpaka 1936, ilipobadilishwa kwa shilingi moja na senti hamsini. Rupia ya Kihindi ni ya fedha nzuri ikiwa ni ya Victoria, ya Edward au ya George wa Tano. Za miaka ya 1940 zilipunguzwa fedha, basi soma mwaka kabla ya kulipa.

Hiyo “dhahabu ya Mjerumani” ina habari ndefu zaidi, na ndiyo inayowaponza wengi. Mwaka 1916, katika vita, Wajerumani walikuwa wamezibiwa njia ya bahari na pesa hazikuweza kuletwa kutoka kwao. Wakapiga sarafu zao Tabora katika karakana ya reli. Walipiga za dhahabu za rupia 15, dhahabu yake ikitoka mgodi wa Sekenke. Upande mmoja yuko tembo na milima nyuma yake, na chini iko herufi T. Zilipigwa 16,198 tu. Ni sarafu ya heshima kubwa na wakusanyaji huigombania. Lakini dhahabu yake ni robo tatu tu, gramu 5.38 safi, haifikii pauni. Yaani thamani yake kubwa iko katika uadimu, na uadimu ndio unaoigizwa na wajanja.

Karakana ile ile, mwaka ule ule, ilipiga pia sarafu za hela 20, za shaba nyekundu na za shaba ya njano, nazo zilikuwa nyingi mno. Hizi nazo zina herufi T na mwaka 1916. Ile ya njano ikisuguliwa kwa ndimu na majivu hung'aa, na kijana wa mjini ambaye hajapata kuona dhahabu ya Tabora huambiwa ndiyo hiyo. Dalili ni nyepesi: yenye tembo ni ya dhahabu, au ni bandia yake, yenye taji na herufi D.O.A. ni ya shaba, hata ikiwa ya kweli kabisa. Basi na iwe ukumbusho mzuri wa zamani (neno letu hela latoka huko huko), si akiba.

Shilingi ya simba ya Afrika Mashariki huuzwa Kinondoni kwa jina la fedha. Zilizopigwa kuanzia 1921 mpaka 1946 zina fedha robo moja tu, ambayo haifiki gramu mbili katika shilingi nzima. Zilizopigwa tangu 1948 hazina fedha hata chembe. Shilingi za Jamhuri tulizotumia madukani nazo ni hivyo hivyo. Walakini Benki Kuu ilitoa 1974 sarafu maalumu za kuhifadhi wanyama, na ile ya dhahabu ya shilingi 1,500, yenye duma, ina dhahabu safi gramu 30 na zaidi kidogo. Akitokea mtu anayeiuza kwa kutazama maandishi yake, mpeleke kwa sonara mara moja, umpe na chai.

Mwanachama mmoja wa Pemba alileta ofisini swali la binti yake anayekaa Mtoni Kijichi. Marehemu bibi yao aliwaachia riale 14 na pauni 3, na ada ya shule ya mtoto imefika. Auze zipi? Binti aliona heri auze riale zote, maana ni nyingi na zajaza kiganja, azihifadhi pauni. Tulifanya hesabu mezani. Riale 14 ni gramu 327 za fedha. Tukikadiri kwamba gramu moja ya dhahabu yanunua gramu 80 za fedha, basi pauni moja peke yake ni sawa na gramu 585 za fedha, yaani yazishinda riale zote kumi na nne pamoja. Zamani pauni moja ilibadilishwa kwa rupia 15. Kwa hesabu hii ya 80, leo yapata fedha ya rupia zaidi ya 50. Aliyeweka dhahabu amemshinda mbali aliyeweka fedha, ingawa wote wawili waliweka kwa uaminifu ule ule. Riale zilikuwa hazitoshi ada. Ikaonekana auze pauni moja, azibakishe mbili, na riale za bibi zisiguswe. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema pauni ile ilikuwa ya mahari. Uamuzi ni wao.

Walio na sarafu nyingi wakumbuke zaka. Kwa nisabu inayotumiwa na wengi, gramu 85 za dhahabu au 595 za fedha, pauni 12 zimefika na 11 hazijafika. Riale 26 zimefika na 25 hazijafika.

Sarafu zilizochimbwa ardhini ni jambo jingine kabisa. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 wachimbaji wa mambo ya kale waliona zaidi ya sarafu 2,000 za fedha pamoja na dinari chache za dhahabu, na tangu hapo kila jembe likigonga kitu shambani mtu huota utajiri. Kwa upande wa Bara, sheria ya mambo ya kale ya 1964 inakinga vitu vilivyofanywa kabla ya 1863. Anayekuuzia Temeke sarafu ya masultani wa Kilwa anakuuzia kesi.

Juu ya kupima: sumaku haitoshi. Dhahabu na fedha hazinaswi, lakini hata shaba hainaswi. Pima uzito, kisha pima upana na unene. Dhahabu ya pauni ni nzito karibu mara mbili ya shaba, kwa hiyo bandia yenye uzito sawa itakuwa nene kupita kiasi, na yenye unene sawa itakuwa nyepesi. Picha ya simu haionyeshi hata kimoja katika hivyo. Mwambie mwanao asilipe kitu mpaka sarafu imewekwa mezani kwa sonara ambaye mwuzaji hakumchagua yeye. Mwuzaji akikataa kwenda, mazungumzo yamekwisha.

Mizani ya gramu na kipimo cha milimita vipo ofisini kwa ajili ya wanachama, Jumatatu na Alhamisi baada ya sala ya alasiri. Hakuna malipo. Mje na sarafu zenyewe, si picha.

Katibu