Menyu Imepotea, Ujumbe Haujaingia? Ngoja Kidogo

Uko kwa matatu, unakaribia steji, konda amenyoosha mkono anangoja nauli. Umeweka namba, umeweka kiasi, umeweka namba ya siri, halafu menyu inapotea. Ujumbe hakuna. Konda anakuangalia. Hapo wengi wetu hufanya jambo moja: tunatuma tena. Dakika kumi baadaye jumbe mbili zinaingia kwa mpigo, na pesa ya unga imeenda kwa konda ambaye gari lake lishafika Githurai.

Hebu tukuonyeshe kinachoendelea huko nyuma, maanake ukikijua hutakuwa na haraka.

Menyu ya nyota hupitia mitambo ya kampuni ya simu. Ndani ya mitambo hiyo kuna programu nyingi ndogo zinazofanya kazi kwa wakati mmoja, kila moja ikihudumia mtu wake. Moja ikikwama, haifai iangushe za wengine. Kwa hivyo kuna programu ambazo kazi yao ni ulinzi tu. Kila baada ya muda mfupi mlinzi huuliza, "Uko hai?" Asipojibiwa, anaizima ile iliyokwama na kuwasha nyingine.

Wahandisi wa Ericsson kule Uswidi walilichukulia jambo hili kwa uzito, hadi katika miaka ya 1980 wakaanza kutengeneza lugha yao ya programu, Erlang. Humo programu ikipata hitilafu haihangaiki kujitibu. Inakufa, na msimamizi wake anaanzisha nyingine safi. Msimamizi naye ana kikomo: akiiwasha ileile mara nyingi ndani ya muda mfupi, anakubali kwamba tatizo limemshinda, anajizima na kumwachia aliye juu yake. (Kuna maofisi yangefaidika na sheria hiyo.)

Lakini kujiwasha upya kuna hatari zake. Tarehe 15 Januari 1990, huko Marekani, mtambo mmoja wa AT&T mjini New York ulijigundua una tatizo, ukajisafisha kwa sekunde chache na kurudi kazini. Ndivyo ulivyotakiwa kufanya. Uliporudi ukaanza kutuma jumbe kwa mitambo jirani. Sasa, programu mpya iliyowekwa mwezi uliotangulia ilikuwa na kosa dogo: ujumbe wa pili ukiingia haraka, wakati jirani bado anashughulikia wa kwanza, jirani naye anavurugika na kujiwasha upya. Akirudi, anavuruga mwingine. Mitambo 114 ilizunguka hivyo kwa saa tisa hivi, na mamilioni ya simu hazikuunganishwa. Kila mtambo ulikuwa unajilinda jinsi ulivyofundishwa. Hali ilitulia wahandisi walipopunguza wingi wa jumbe zilizokuwa zikipita kati ya mitambo.

Turudi kwa nauli yako. Programu iliyokuwa inakuonyesha menyu si ile inayohamisha pesa. Ya menyu ikifa, mlinzi ataiwasha nyingine, lakini hiyo mpya haikumbuki ulikuwa unamlipa nani. Pesa zina leja yake, pembeni kabisa, na huko malipo yameandikwa au hayajaandikwa. Ujumbe wa uthibitisho nao hupita njia yake: ukikosa mtandao unahifadhiwa, kisha unatumwa simu yako ikipatikana. Ndiyo maana menyu inaweza kupotea na pesa zikawa zishaenda, na ujumbe ukaja baadaye ukiwa umeshasahau.

Ukituma tena, leja haijui kwamba unarudia. Inaona malipo mapya, yenye namba yake mpya. Na siku mtandao unasumbua, tukituma tena sote kwa pamoja, tunaongeza mzigo kwa mitambo ambayo tayari imelemewa.

Kwa hivyo angalia salio kwanza. Kama halijapungua, ngoja dakika chache, uangalie tena, ndipo utume. Kama limepungua, pesa zimetoka, hata kama ujumbe haujafika. Fungua taarifa ya akaunti uone zimeenda kwa nani. Ukikwama kabisa, piga namba yetu ya huduma kwa wateja. Na mtu akikupigia yeye mwenyewe akisema malipo yako yamekwama na anahitaji namba yako ya siri ili ayakwamue, kata simu. Hakuna programu wala mhandisi anayeihitaji kwa kazi hiyo.

Konda naye mwambie aangalie simu yake. Mara nyingi ujumbe wake hutangulia wako.